Mhusika wangu aliuliza injini, grupu zima likanijia juu

Shikamoo Shangazi,

Mi ni binti wa hapa Mwanza naishi Buzuruga, biashara yangu ni vifungashio, nauza magunia na mifuko, na wateja wangu wengi ni watu wa dagaa kwahiyo karibu kila siku niko Kirumba kule Mwaloni, soko la samaki, napeleka mzigo. Naomba unisaidie maana hili jambo linaninyima usingizi na nyumbani nikiligusia tu wananiona nina muda wa kuchezea.

Naandika riwaya. Nilianza kwenye daftari alafu nikahamia kwenye simu. Inahusu mama mmoja nimempa jina Mama Kulwa, yuko kisiwani kambini, ananunua dagaa wabichi anaanika wakikauka analeta mjini, mume wake ni mvuvi. Kuna sura moja mume anaenda ziwani usiku na wenzake, asubuhi hawarudi. Watu wanakuja kumwambia Mama Kulwa, wanamkuta mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia, anaanua dagaa haraka haraka maana wingu limetanda na mvua iko karibu. Wanamwambia mayu, yaani mama, hebu kaa chini kwanza, anakataa kukaa. Basi wanamwambia hivyo hivyo amesimama, kwamba mtumbwi umeonekana unaelea, watu hamna. Na yeye anauliza, "Injini je?" Alafu anainama anaendelea kuzoa dagaa.

Shangazi hilo neno mi sikulipanga kabisa. Nilikuwa nimejiandaa aseme kitu kingine, vidole vikaandika hilo, mwili ukanisisimka mpaka nikasimama nikazunguka chumbani. Nikajua hapa nimepata kitu ila ukiniuliza kwanini sina jibu.

Nikaipeleka kwenye grupu letu la waandishi la WhatsApp. Jamani! Wakanijia juu. Mmoja akasema mwanamke gani huyo hana moyo, mwingine akauliza ina maana yeye ndo kamuua mume? Mwingine akasema wasomaji watamchukia na ukishachukiwa mhusika mkuu umekwisha. Kuna kaka yetu mmoja ni mwalimu wa sekondari na ameshatoa kitabu, tunamheshimu sana, akaandika hapo uhalisia hamna, mwanamke wa Kiafrika akipewa taarifa ya namna hiyo lazima aangue kilio, rekebisha. Nikarekebisha. Mama Kulwa akapiga yowe akaanguka akazimia wakammwagia maji. Grupu likafurahi, wakatuma makofi na moto. Lakini mimi nikiisoma naona kama nasoma ya mtu mwingine.

Toka hapo siendi mbele. Kila sentensi nawaza watasemaje. Mwingine alitaka mume awe na mchepuko mjini, nikaweka. Mwingine akataka mganga, nikaweka. Mwingine akasema riwaya lazima ianze na ajali ili msomaji ashtuke, nikaweka na ajali ya basi. Sa hivi hii hadithi sijui hata ni ya nani.

Swali langu Shangazi, nitajuaje kwamba hisia zangu ziko sahihi na sio kwamba mi ni mbishi tu sitaki kukosolewa? Maana hata nyumbani nasemwa kwa ubishi. Na mi niliishia form four, fasihi yenyewe niliisoma ya kukariri, yule kaka amesoma. Labda ye ndo anajua. Nimekuambatanishia sura ile ya zamani na hii mpya uzione zote.

Ni mimi,
Binti wa Buzuruga

*

Marahaba mwanangu.

Nimezisoma zote mbili, ya zamani nimeirudia, na jibu la kwanza nakupa sasa hivi ili usiendelee kukosa usingizi: rudisha injini. Rudisha leo leo kabla hujafanya kitu kingine chochote.

Sasa nikuambie kwanini, maana umesema huna jibu na mimi naamini jibu unalo ila hujakaa nalo. Wewe unashinda Mwaloni. Unasubiri mteja ahesabu magunia, na ukiwa umesimama pale watu wanaongea, wavuvi, wachuuzi, matajiri wenye mitumbwi, na wewe unasikia bila kuweka akilini kwamba unasikia. Watu wa ziwa hili wanajua kwamba mtumbwi ukikutwa unaelea mtupu kuna maswali mawili makubwa, je ni mawimbi au ni majambazi? Ziwa Victoria lina historia mbaya ya watu wanaovamia wavuvi usiku na kitu wanachokimbilia ni injini na nyavu. Kwahiyo injini ikikutwa pale kwenye mtumbwi habari ni moja, isipokutwa habari ni nyingine kabisa, pengine watu wametupwa majini, pengine wameshushwa sehemu, pengine kuna mtu yuko hai. Mama Kulwa kwa maneno mawili tu ameuliza mume wangu amepatwa na nini. Ameuliza vile anavyouliza mtu wa ziwani. Na bado hapo hapo kuna deni, maana kwa jinsi ulivyoandika injini ile sio yao, ni ya tajiri, na ikipotea mjane ndo atakaebanwa. Kwahiyo kwenye swali moja umeweka mapenzi, hofu, matumaini na deni, na mvua inakuja. Yowe na kuzimia vina kitu gani cha kushindana na hapo?

Hukulipanga, ndio. Lakini halikutoka hewani. Hisia ya mwandishi mara nyingi ni hiyo, ni vitu ulivyoona na kusikia na kusoma kwa muda mrefu, vimekaa ndani havina majina, siku unaandika vinatoka kabla hujapata muda wa kuvieleza. Ndo maana mwili unashtuka kwanza na sababu inakuja baadae, wakati mwingine baadae sana. Kwahiyo usijidharau kwa kukosa maelezo pale grupu walipokubana. Kukosa maelezo sio kukosa sababu.

Ila sasa nisikilize vizuri maana sitaki uondoke hapa unadhani kila kinachokuja kichwani ni dhahabu. Kuna sauti mbili ndani ya mwandishi na zinafanana, na kazi kubwa ya miaka ya mwanzo ni kuzitofautisha. Moja inaongea kuhusu hadithi. Inasema huyu mama hawezi kusema hivi, hapa pameenda haraka, huyu mtoto ametoka wapi. Nyingine inaongea kuhusu wewe na watu. Inasema wataniona sijasoma, mama mkwe akisoma itakuwaje, mbona wenzangu wanaandika tofauti. Ya kwanza ndo hisia, hiyo ya pili ni hofu. Ukiwa umekwama kwenye sentensi jiulize tu hii sauti inamzungumzia nani, Mama Kulwa au mimi? Kama ni mimi, iambie isubiri nje.

Na nikuonyeshe mahali ambapo hofu iliingia kabla hata ya grupu kukusema. Kwenye ile sura ya zamani, baada ya "Injini je?" umeandika kwamba Mama Kulwa aliuliza hivyo kwa sababu alikuwa kwenye mshtuko mkubwa, kwamba si kwamba hakumpenda mume wake, kwamba ndani moyo ulikuwa unavuja damu, na kwamba watu waliomzunguka hawakumwelewa. Mwanangu, hizo sentensi umemwandikia nani? Ulishaanza kujitetea kabla ya kushtakiwa. Mkono uliandika swali zuri alafu ukaogopa ukaja kuomba msamaha. Futa zote. Akishauliza, ainame, azoe dagaa, na ile sentensi yako ya matone ya kwanza kudondoka kwenye turubai ifuate hapo hapo. Hiyo ya matone nimeipenda sana.

Haya tuje kwenye grupu maana na wao hawakuwa na makosa yote. Wasomaji wakikuambia hapa sijaamini, waamini kwamba hawajaamini. Hilo ni la kwao na hawawezi kukosea, wao ndo waliosoma. Wanapokosea ni pale wanapokuambia urekebisheje. Msomaji anajua panapouma lakini dawa sio kazi yake. Kundi la watu wameishia sehemu moja, wote wamekwama kwenye injini, hiyo ni taarifa ya kweli na ingekuwa ujinga kuitupa. Sasa jiulize wamekwama kwa sababu swali ni baya, au kwa sababu hawakuwa na kitu cha kuwasaidia kulielewa? Mi nimesoma, naona hivi: mtu wa Dodoma au wa Tanga ambae hajawahi kukaa mwaloni hajui habari ya majambazi wa injini, hajui injini ni ya tajiri, hajui thamani yake ukilinganisha na kila kitu kingine kwenye ule mtumbwi. Deni lenyewe umelitaja kwa nusu mstari. Kwahiyo dawa iko kurasa za nyuma kabisa, haiko kwenye ile sentensi. Kabla ya usiku ule weka tukio dogo, mfano mume anarudi asubuhi moja anasimulia kuna wenzao wa kambi ya jirani wamerudishwa na kasia, injini imeondoka na watu wenye bunduki, na Mama Kulwa anasikiliza huku anageuza dagaa, hasemi kitu. Basi. Au tajiri anakuja kuikagua injini anaipapasa kama mtoto wake na hata salamu hatoi. Msomaji atabeba hiyo mpaka mbele, akifika kwenye "Injini je?" atashtuka yeye mwenyewe bila kufafanuliwa.

Unaona sasa hapo umemsikiliza msomaji na hujaiuza hisia yako. Ndo jibu la swali lako la ubishi. Mbishi anatetea kila kitu mpaka nukta na mkato. Mtu mwenye hisia anatetea sehemu chache sana na kwingine kote anakubali kukatwa. Wewe umekubali mchepuko, umekubali mganga, umekubali na ajali ya basi kwenye hadithi ya mtumbwi, ubishi uko wapi hapo? Umekubali vitu vingi mpaka kile kimoja ulichotakiwa kukikatalia kikaenda navyo.

Kuhusu huo mchepuko na mganga, sikatai kwamba watu wanavyo na maisha yanavyo. Lakini ulivyoviandika nimeona mara moja vimetoka wapi. Yule mchepuko anaingia msibani na miwani ya jua, kila mtu anageuka. Hiyo tumeiona wote kwenye tamthilia, za kwetu na za Kituruki. Hapa ndo unatakiwa uwe mkali na nafsi yako, kitu kinachokuja haraka sana wakati mwingine sio hisia, ni kumbukumbu ya kitu cha mtu mwingine, na kinakuja na raha ile ile ndo maana kinadanganya. Mi nikipata wazo tamu najiuliza hili nimeliona wapi? Nikikumbuka ni kwenye skrini naliacha, nikikumbuka ni barabarani au kwenye kivuko au jikoni kwa mtu, nalishika. Sio sheria lakini inasaidia sana.

Alafu kuna mambo ambayo hisia haina kura kabisa, hayo unakwenda kuuliza. Nakusema kwa upendo mwanangu, usiku wa mume kupotea umeweka mbalamwezi. Umeieleza vizuri, ziwa linang'aa, mitumbwi inaonekana mpaka mbali. Sasa hao wanavua dagaa! Dagaa wanavuliwa kwa taa, zamani karabai na sasa hivi taa za betri na sola, taa ndo inawavuta wakusanyike, na mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa hauna nguvu, ndo maana siku za mbalamwezi kambi nyingi zinapumzika, watu wanashona nyavu wanalala. Msomaji wa Kayenze au Igombe akifika hapo anaweka simu chini, na akishaacha kukuamini kwenye mwezi hatakuamini kwenye injini. Nenda kaulize, wateja wako wenyewe watakuambia, tena watafurahi kuulizwa. Na ukiutoa mwezi angalia unachopata, unapata giza, taa za mitumbwi ndo kitu pekee kinachoonekana kule majini, na mwanamke aliyeko nchi kavu anaweza kujua taa ya mume wake ni ipi au akadhani anajua. Ukweli wa kazi yenyewe umekupa kitu kizuri kuliko ulichobuni, na hii inatokea mara nyingi mno kwa watu wanaouliza.

Umenigusa uliposema uliishia form four. Nataka nikuambie habari za ng'ambo hapo Ukerewe. Mzee Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake mwaka 1945, na aliiandika kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa chake, akajaza humo kilimo, uvuvi, ndoa, maradhi, namna watu wanavyosalimiana na wanavyopikiana, kwa utaratibu na kwa urefu bila kumkimbiza mtu. Ilikaa miaka mingi bila kuchapwa. Akaitafsiri kwa Kiswahili mwenyewe, ikatoka mwaka 1980 na yeye akafariki mwaka 1981. Fikiria kama angekuwa na grupu la kumwambia aanze na ajali. Na Ukerewe hiyo hiyo, kijiji cha Namagondo, ndo alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944, na huyu alikuwa msomi hasa wa fasihi, alifundisha chuo kikuu. Mwaka 1974 akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, wakubwa wa ushairi wakamjia juu kwamba hayo sio mashairi kabisa, mabishano yakaenda miaka na miaka. Leo mashairi huru yanafundishwa mashuleni. Nakutajia ili uone kwamba kusoma hakumalizi ugomvi, waliosoma walibishana na waliosoma. Kwahiyo usiseme yule kaka amesoma basi anajua. Kaka anajua vitu vingi na vingine ujifunze kwake, ile aliyokurekebisha matumizi ya alama za kufungua na kufunga usemi yuko sahihi kabisa, lakini kuhusu mwanamke wa Kiafrika lazima aangue kilio, hapo hapana. Wewe huandiki mwanamke wa Kiafrika, unaandika Mama Kulwa. Wapo wanaopiga yowe, wapo wanaonyamaza, wapo wanaokataa kabisa kulia mpaka mwili uonekane maana wakilia watakuwa wamekubali. Ni kazi yako kujua wa kwako yuko wapi na umeshajua.

Sasa unajengaje hii kitu mpaka uiamini, maana haiji kwa kuambiwa jiamini. Mimi naona ni masikio zaidi kuliko kitu kingine. Soma sura yako kwa sauti ujirekodi kwenye simu, alafu usiisikilize siku hiyo, isikilize kesho ukiwa unapanga magunia au unapika. Usiandike chochote, sikiliza tu na uangalie mwili wako. Kuna sehemu kidole kitataka kupeleka mbele, kuna sehemu utaona aibu kidogo kama unasikia mtu anadanganya mbele za watu, na kuna sehemu utasahau kwamba unapika. Hizo sehemu tatu ndo hisia yako inaongea, kariri ziko wapi, ukikaa kuandika anza nazo. Fanya hivyo kwa zile sura mbili, ya yowe na ya injini, moja baada ya nyingine. Huhitaji tena mimi nikuambie ipi iko hai.

Na usome vya watu ukiwa na kalamu. Pale unapochoka weka alama, pale unapopata baridi weka alama, alafu rudi uangalie mwandishi kafanya nini ukurasa ule na ukurasa wa nyuma yake. Wengi tunasoma tunamaliza tunasema kitabu kizuri, basi, hatujui kizuri wapi. Huwezi kuamini ladha yako kama hujawahi kuiuliza swali.

Kubwa zaidi acha kuposti sura kabla hujamaliza rasimu nzima. Hili nalisema kwa uzito. Najua kuna raha yake, unatuma usiku asubuhi unakuta makofi, na grupu linakupa watu wa kuandika nao katika mji ambao ukisema unaandika riwaya unaulizwa unalipwa shilingi ngapi. Lakini rasimu ya kwanza bado haijajua inataka nini, na ukiiweka mbele ya watu arobaini kila mmoja anaisukuma kwake. Maoni ya sura moja yanatolewa na mtu ambae hajui mwisho, na wewe mwenyewe bado hujui mwisho, sasa nani anamwongoza nani? Maliza. Hata kama ni vibaya, maliza, iache ipoe wiki kadhaa usiiguse, isome yote kama ya mtu mwingine, rekebisha unayoyaona wewe, ndo utoe. Na ukitoa usitoe kwa grupu zima, chagua wasomaji wawili au watatu, mmoja awe mtu wa ziwani asiejua habari za fasihi, mwingine awe mtu wa bara asiejua ziwa. Wasikuambie urekebishe nini. Waulize maswali madogo tu, ulichoka wapi, ulichanganyikiwa wapi, wapi ulitaka kuendelea kusoma. Majibu yakirudi linganisha na zile alama zako za kwenye simu. Wakikutana na wewe sehemu moja, hapo hamna mjadala. Wakiwa peke yao, lala nayo. Wewe ukiwa peke yako na mwili bado unasema hapana, shikilia, hata kama wamesoma.

Zile ulizoziongeza, mchepuko, mganga, basi, usizifute leo kwa hasira. Zitoe uziweke kwenye faili lingine. Ukifika mwisho wa rasimu bila kuzihitaji utajua hazikuwa za kwako. Ila mganga kidogo namhurumia, kuna ile sentensi ambapo anamwangalia Mama Kulwa mikononi badala ya usoni, hiyo ni ya kwako sio ya grupu, itafutie mtu mwingine aifanye, labda tajiri.

Yule kaka usigombane nae na usijitoe kwenye grupu. Mwandikie kwa heshima pembeni, sio mbele ya watu, umwambie kaka nashukuru kwa muda wako, alama za usemi nimezirekebisha zote, sura ya ziwani nimeamua kuirudisha ilivyokuwa na sababu nimeiweka kurasa za mwanzo, naomba nisitume tena mpaka nimalize yote, nikimaliza nakuletea muswada mzima uusome kuanzia mwanzo. Akiwa mwandishi kweli ataelewa. Akinuna, muswada utaendelea bila yeye na utamkuta mbele.

Shangazi